Namna ya Kufuma Uani Bila Kumwachia Mbuzi Kazi

Kanuni ya kwanza: fuma mahali unapoonekana. Usijifiche nyuma ya bafu wala chumbani kwa kuogopa kwamba mtu mzima mwenye kazi na familia yake, akikutwa amekaa chini anapitisha vipande vya kanga katikati ya nyuzi, watu watasema ana jambo. Watasema tu. Afadhali waseme huku wanaona, maana anayeona ataketi, aliyeketi atashika uzi, na akishashika uzi umempata.

Vifaa vikuu ni hivi: vigingi vinne vya mti mgumu vyenye urefu wa sentimita 50, miti miwili iliyonyooka ya kutandia uzi, kipande cha bomba la plastiki la maji, ufito mmoja, matofali mawili, ubao mwembamba uliopigwa msasa vizuri, na chanuo la nywele lenye meno marefu. Kinachobaki ni ardhi, na hiyo ndiyo inayoifanya kazi hii iwe ya nje. Sakafu ya vigae haipigiliwi kigingi, na mwenye nyumba akikukuta unajaribu, mkataba wa pango utaishia hapo.

Atakayekucheka kwamba kitanda chako cha kufumia ni vijiti vya kuokota, mkaribishe akae kwanza, kisha mweleze. Huko Badari, Misri, ndani ya kaburi la kale, ilipatikana sahani ya udongo iliyochorwa kitanda cha namna hii hii: vigingi vinne kwenye pembe, nyuzi zimetandwa katikati. Mchoro huo una zaidi ya miaka 5,000. Wanawake wa Kibedui katika nchi za Ghuba hufuma kwa kitanda cha chini hadi leo, kwa sufu ya kondoo na manyoya ya mbuzi na ngamia, na zamani kabila lilipohama, vigingi viling'olewa, kazi ikakunjwa na miti yake ikapakiwa mgongoni mwa ngamia. Ufumaji huo unaitwa sadu, na mwaka 2011 UNESCO iliuweka, kwa upande wa Falme za Kiarabu, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa hiyo hicho ulichonacho uani ni kitanda chenye ukoo mrefu kuliko nyumba zote za mtaa wako zikijumlishwa.

Sasa mahali. Chini ya mwembe ni pazuri kwa macho tu. Msimu ukifika maembe yatakuangukia juu ya kazi, na watoto wa mtaa mzima watayafuata. Mkungu una kivuli kipana na cha baridi, lakini hupukutisha majani makubwa na makungu yake, na utatumia nusu ya muda kufagia. Ukiwa na mwarobaini, umemaliza. Kivuli chake ni chepesi, mwanga wa kuonea nyuzi unapita, na majani yake ni madogo kiasi kwamba hata likiingia moja kwenye zulia halitamsumbua mtu. Kaa kwa namna ambayo jua litakuja kutoka ubavuni. Likija usoni utafumba macho, na likija mgongoni kivuli chako mwenyewe kitafunika mahali unapofanyia kazi.

Pima mstatili wa sentimita 150 kwa 60. Pigilia kigingi kila pembe, kizame nusu ya urefu wake, na kichwa chake kilale kidogo kuelekea nje. Nyuzi 40 zikikazwa pamoja zinavuta kwa nguvu ambayo mgeni wa kazi hii haitarajii, na kigingi kilichosimama wima kitaanza kuinamia ndani kabla zulia halijafika nusu. Pima pia kwa mshazari, pembe hadi pembe, mara mbili. Vipimo vikilingana, mstatili umenyooka, na hii ni mbinu ambayo fundi yeyote wa msingi wa nyumba atakuthibitishia. Laza mti mmoja upande wa nje wa vigingi viwili vya mbali, na mwingine upande wa nje wa vigingi viwili vya karibu, uifunge isisogee. Kama uani kwako kuna mchwa, paka oili chafu ile sehemu ya kigingi inayozama. Mchwa hawabagui kati ya kenchi la paa na starehe yako ya Jumamosi.

Uzi wa kutanda, yaani ule wa urefu unaobeba kila kitu, uwe wa katani. Hauvutiki ovyo, haukatiki, na kwetu Tanga kuukosa ni jambo la kujitakia. Mmea wenyewe ulikuja na bahati. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatandaa mashamba ya katani ya nchi nzima. Mmea uliovuka bahari kwa tabu hiyo hautashindwa na ua wako. Andaa mita 65 hivi, na uzikunje kwenye kijiti kabla hujaanza, maana uzi wa katani ukiachwa huru chini hujisokota, na fundo lake humpa mtu sababu ya kuacha kazi kabla hajaijua.

Kutanda kunafanywa kwa mtindo wa nane. Uzi upite juu ya mti wa karibu, uende chini ya mti wa mbali, uzunguke, urudi kwa juu, uingie chini ya mti wa karibu, na hivyo hivyo mpaka upate nyuzi 40, kila moja ikiwa umbali wa sentimita moja na mwenzake. Ukitazama kutoka ubavuni utaona nyuzi zinapishana katikati. Mpishano huo ndio akili yote ya kitanda, usiuharibu. Upande wa mbali wa mpishano, ingiza lile bomba la plastiki. Sasa nyuzi 20 zinapita juu ya bomba na 20 zinapita chini yake.

Zile za chini ndizo zinazofungwa vitanzi. Chukua uzi wa nyavu, ushushe katikati ya nyuzi za juu, uuzungushe uzi mmoja wa chini, uupandishe na kuufunga kwenye ufito uliolala juu. Kisha wa pili, wa tatu, mpaka 20, na vitanzi vyote viwe na urefu mmoja. Hapa usiwe na haraka, na mtu asikusemeshe. Ukimaliza, weka ncha za ufito juu ya matofali mawili, moja kila upande. Nyuzi zilizo kwenye vitanzi zitainuka na kufungua mwanya wa kupitishia kitambaa. Sukuma bomba mbele hadi lifikie vitanzi: nyuzi nyingine zitapanda juu yake na mwanya wa pili utafunguka. Lirudishe nyuma, wa kwanza unarudi. Mbele, nyuma. Injini yote ni hiyo, na mtoto wa darasa la pili anaielewa kabla wewe hujamaliza kuieleza.

Ukifuma nje, hali ya hewa inafuma pamoja nawe. Asubuhi, umande ukiwa umelowesha katani, nyuzi zinajaa na kufupika, na kitanda kinakaza mpaka ukizigusa zinalia. Kufika saa saba mchana zimekauka na kulegea. Usikaze nyuzi kwa nguvu zako zote, kwa sababu mvua ikinyesha juu ya katani iliyokazwa mpaka mwisho, kigingi kitang'oka au mti utapinda. Kaza saa nne, umande ukishapotea, na uwe na vipande viwili vya ubao vya kupachika kati ya kigingi na mti mchana ukilegeza. Wenye vitanda vya ndani hawana habari na haya. Mfumaji wa uani, baada ya wiki chache, anaijua mvua ya jioni kwa kidole.

Kisha kuna wanyama. Kuku atakuja kwanza. Anavutiwa na ule udongo laini uliouchimbua wakati wa kupigilia vigingi, naye atachakura chini ya nyuzi mpaka ukucha wake unase, hapo atapiga kelele kama anayechinjwa na kurukaruka, na vitanzi vyako ulivyovipanga kwa subira vitakuwa shaghalabaghala. Shindilia udongo, umwagie maji, na kuku hatakuwa na sababu. Paka hana madhara. Atalala juu ya kazi, msogeze. Mbuzi ndiye wa kuogopwa. Mbuzi hana nia mbaya, ana udadisi, na udadisi wake unaishia mdomoni. Akianza kutafuna ncha ya kanga ataivuta, na ile ncha inavuta safu nzima. Dawa yake si kumfukuza, kwani atarudi. Ukiinuka hata kwa kikombe cha chai, funika kitanda kwa chandarua kikuukuu kilichobanwa kwa mawe, na jioni ng'oa miti, ukunje kazi yote pamoja na ufito na bomba lake, uiingize ndani. Vigingi vibaki. Vigingi havina ladha.

Kitambaa cha kupitisha, yaani mshindio, kiwe cha kanga zilizochakaa. Doti moja hutosha zulia la mlangoni lenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 40. Kanga ni pamba iliyofumwa uzi juu, uzi chini, kwa hiyo haihitaji mkasi: kata chale ndogo ya upana wa sentimita tatu ukingoni, shika pande mbili, vuta. Itapasuka kwa mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, ikitoa vumbi jembamba la pamba na ule mlio ambao ukishausikia utataka kupasua nyingine. Usifike mwisho kabisa. Acha vidole viwili, ugeuke, uanze chale ya pili kutokea upande wa pili, na kanga nzima itageuka utepe mmoja mrefu usio na fundo.

Lakini kabla ya chale ya kwanza, omba ruhusa. Hili nalisema kwa uzito wote. Kanga haichakai kwa mwenyewe. Ukifungua sanduku la mama na kuchomoa ile iliyofifia ukidhani hakuna anayeihesabu, utasikia:

"Mwanangu, hiyo uliyoshika unaijua?"

"Ni kuukuu, mama."

"Hiyo tulivaa sare siku ya harusi ya shangazi yako mdogo. Irudishe. Chukua ile ya kijani, ile niliwahi kudekia."

Chukua ya kijani, na usibishane. Na kaa naye hapo hapo akupangulie sanduku zima, kwa sababu ataieleza kila kanga ilitoka wapi na nani aliinunua, na utaamka na doti tatu za kupasua pamoja na habari za ukoo ambazo hukuwahi kuambiwa. Zikifumwa, pindo, mji na jina vyote vinachanganyika. Hakuna herufi itakayosomeka tena, ila rangi ya pindo hubaki na kujirudia katika safu, na mwenye kanga huitambua yake kwa mbali.

Wapo watakaokuambia kupasua nguo na kuifuma upya ni ufukara. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, waliofuma nguo nyeupe kwa pamba yao, na kwa kuwa hawakuwa na rangi ya buluu, walinunua nguo za Cambay kutoka Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, wakazifuma tena pamoja na nyeupe yao mpaka zikawa nguo mpya. Hao walikuwa wafanyabiashara wa dhahabu. Hawakufumua kwa ufukara, walifumua kwa kujua wanachokitaka.

Na wapo watakaosema haya si mambo yetu. Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alizisifu nguo zilizofumwa pale, akasema zinapelekwa hadi Misri. Bara nako, Wafipa walilima pamba, wakaisokota na kuifuma. Kilichokuja baadaye ni ushindani wa bei. Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na nguo za merikani za viwanda vya huko zikamwagika pwani na bara, kisha zikaja za Bombay, na mfumaji mmoja mmoja akakunja kitanda chake. Kwa hiyo ukipigilia vigingi uani hujaiga mtu. Umeokota kilichowekwa chini.

Haya, fuma. Fungua mwanya, simamisha ubao ndani yake, pitisha utepe, toa ubao, piga kwa chanuo. Utepe usiuvute ukanyooka. Uache ulale kwa upinde ndani ya mwanya, ndipo uupige kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayevuta hupata zulia lenye kiuno: pana mwanzoni, jembamba katikati, kwa sababu kila safu imezivuta nyuzi za pembeni ndani kidogo kidogo. Kila baada ya safu kumi pima upana kwa kijiti ulichokikata kwa kipimo. Utepe ukiisha, toboa tundu kwenye ncha yake na kwenye ncha ya mpya, uzipenyeze na kuzivuta. Fundo litakwaza mguu. Na ukikosea safu, rudi uifumue. Ipo tabia ya kusema "haionekani". Inaonekana, tena na wewe kila siku.

Wageni watakuja. Mzee wa mtaa atasimama, fimbo mkononi.

"Kijana, kazi zimekwisha mjini?"

"Shikamoo mzee. Zipo, leo Jumamosi."

"Marahaba. Na hii utauza wapi?"

Swali hilo utaulizwa na kila mtu, na wengi wataliuliza kabla ya salamu. Kwetu chochote kinachotoka mkononi kinatakiwa kiwe na bei. Anayeoka keki moja nzuri anaambiwa afungue duka, anayepanda mchicha uani anaambiwa apeleke sokoni, na anayeimba anaulizwa analipwa ngapi. Nia yao ni njema. Maisha ni magumu na mtu anakutakia riziki. Hata hivyo, usiuze. Ukipokea oda ya kwanza umepokea pia rangi ambazo mkono wako hauzipendi, tarehe ya kukabidhi, simu ya saa tatu usiku ya kuuliza imefikia wapi, na Jumamosi yako imekuwa deni. Na kuna sababu nzito zaidi. Wapo wanaokula kwa kazi hizi, wanawake wanaosuka mikeka ya ukindu kuanzia kuvuna na kuchana hadi kushona, na bei ya mkeka wao ndiyo ada ya shule ya mtoto. Wewe mwenye mshahara, ukiuza zulia lako kwa bei ya soda mbili kwa kuwa "ni la kujifurahisha tu", umeivunja bei yao. Anayetaka kununua mpeleke kwao.

Starehe haihitaji kutetewa kwa faida. Mtu aliyefanya kazi siku tano ana haki ya kukaa chini ya mwarobaini wake na kuona kitu kinakua sentimita kwa sentimita kwa sababu tu anapenda kukiona kikikua. Mpira unatazamwa dakika 90 na hakuna anayemuuliza mtazamaji ameingiza shilingi ngapi.

Ukifika mwisho, acha sentimita 20 za uzi kila upande, kata, na ufunge nyuzi nne nne kwa mafundo yaliyobana dhidi ya safu ya mwisho. Lifue zulia mara moja kwa sabuni ya kipande, ulianike kivulini, kwa sababu jua la mchana hula rangi za kanga, kisha ulitandike mlangoni. Usilitundike ukutani wala kulificha kabatini. Limefumwa likanyagwe, na linastahimili miguu yenye mchanga kwa miaka. Jirani akilikanyaga na kusema anataka la kwake, mwambie aje Jumamosi na kanga zake kuukuu, alizoziombea ruhusa, na wewe utamwazima nyundo.